Kocha Aliyechaguliwa Kabla ya Kura

Nyumba ya marehemu Abdelbari,
Mtaa wa Maseremala,
Dumyat, Misri.

Jumamosi, 12 Machi 2016

Mpendwa mwanangu Muntasir,

Amani ya Mungu iwe juu yako, na juu ya Rihab, na juu ya Judi wetu ambaye naambiwa meno ya mbele yametoka yote na maneno nayo yameanza kuchungulia. Hamjambo huko? Joto la Kuwait halijaanza? Na kile kifua cha Rihab kilichokuwa kikimsumbua wakati wa vumbi, kimepona? Sisi tu wazima. Mama yako magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi, lakini jana alikaanga samaki wa kulisha jengo zima, kwa hiyo usihangaike. Mimi sukari yangu ilikuwa imetulia mpaka Jumanne ya wiki iliyopita. Tangu siku hiyo daktari akiniuliza nimekula nini, namjibu nimekula hasira.

Usinishangae mimi shangazi yako kwa kukuandikia barua zama hizi. Nimekupigia simu mara mbili, na zote mbili nimekata kabla hujapokea, maana ningeanza kwa makelele na wewe ungedhani kuna msiba. Mke wa jirani yetu Lutfi anarudi huko Alhamisi ijayo, atakukabidhi mkononi, pamoja na jibini nyeupe na mishabbak tamu ya shira. Ukila mishabbak kwanza itakusaidia, maana yaliyomo humu ni machungu.

Habari yenyewe ni ya klabu yetu ya mpira, Shati. Matokeo najua unayaona. Mpaka mwezi wa pili unaanza tulikuwa na pointi kumi na tatu katika mechi ishirini na moja, wa pili kutoka mkiani. Kocha Rushdi akafukuzwa baada ya kufungwa manne nyumbani, na huyo ni wa tano katika misimu miwili. Timu akaachiwa Kapteni Mitwalli wa vijana aishike mpaka apatikane kocha mkuu. Hujamsahau. Ndiye aliyekuambia, ukiwa na miaka kumi na mbili, kwamba miguu yako haifai mpira ila mikono yako inafaa, kwa sababu kila mwenzako akianguka wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kumkanda.

Mitwalli akacheza mechi tatu. Sare, sare, ushindi. Haji Shalabi muuza maharage ya ful, mjumbe mwenzetu wa bodi, ambaye hakuwa amecheka tangu msimu uliopita, siku ile ya ushindi aligawa sahani bure mpaka sufuria likabaki tupu.

Sasa unajua bodi yetu ina watu saba. Mimi wanachama walinichagua kwa sababu nusu yao niliwafundisha hisabati na nusu nyingine niliwachapa. Baba yako yumo tangu enzi za viti vya mbao uwanjani. Na mwenyekiti ni Mhandisi Tharwat, msafirishaji wa samani, mtu anayezungumza kama vile hata mto Naili unapita hapa kwa hisani yake.

Jumatatu ya wiki iliyopita tuliwasaili makocha wawili, ili kesho yake tupige kura. Wa kwanza alikuwa Kapteni Madkur, yule wa kwenye televisheni mwenye nywele zinazong'aa kama zeituni. Alichelewa saa nzima na hakuomba radhi. Vilabu viwili vya mwisho alivyofundisha vyote vimeshuka daraja, na wakala wake ni mume wa binti mkubwa wa Tharwat. Nikamuuliza, "Kapteni, beki wetu wa kushoto anaitwa nani?"

Akatabasamu. "Mama yangu, majina nitayajua nikifika. Mimi nakuja na falsafa."

"Mwanangu," nikamwambia, "falsafa haipigi krosi."

Wakacheka wote, hata Tharwat mwenyewe. Madkur hakucheka. Aliuliza kama nyumba atakayopewa Ras al-Barr inatazama bahari au mto.

Mitwalli aliingia baada yake na daftari la shule, kalamu ameichomeka sikioni kama fundi seremala. Alisema kipa wetu anaogopa kuruka kushoto tangu alipovunjika bega, na wapinzani wameshagundua. Alisema wachezaji wanne wanacheza na maumivu kwa sababu hatuna mtaalamu wa viungo, tuna mzee mmoja anayepulizia dawa ya baridi na kusoma Fatiha. Kisha akasema, "Mji huu unaye mtaalamu. Muntasir wa Gharib. Yuko Kuwait anawanyoosha watu wa huko. Mleteni huyo, na pointi sita nitawaonyesha zilipo."

Muntasir, mimi nilijiona nimerefuka shibiri mbili. Baba yako aliinama akatazama meza. Nilidhani anaficha machozi ya fahari.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniapia kwa kaburi la mama yetu: "Inshirah, kesho mkono wangu ni wa Mitwalli." Nikahesabu vidoleni. Mimi, yeye, Haji Shalabi na daktari wa meno, mjumbe mwenzetu. Wanne kwa watatu. Nikalala usingizi wa mtoto.

Jumanne asubuhi nilipita chumba cha vifaa kuchukua orodha ya jezi zilizochanika. Ami Dusuqi, mtunza vifaa wetu, alikuwa amekaa na trakisuti mpya mapajani, anakata nyuzi zilizobaki. Kifuani zimedariziwa herufi za kwanza za jina la mtu.

"Ya nani hiyo, Ami Dusuqi?"

"Ya kocha mkuu, Mwalimu."

"Kocha mkuu gani? Kura ni saa tisa."

Mzee akazitazama zile herufi, akanitazama mimi. "Basi mimi sijui kusoma," akasema.

"Imeletwa lini?"

"Alhamisi. Lakini hukunisikia mimi."

Alhamisi! Siku nne kabla hata ya usaili! Mitwalli wa watu amefua shati lake, amepiga pasi, amekaa na daftari lake usiku kucha, kumbe mbuzi alishachinjwa na sisi tumeitwa kushika kamba. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, wanafunzi wameninakilia majibu, wameniibia mitihani, hakuna aliyewahi kunifanya mjinga namna ile.

Saa tisa niliingia na ile trakisuti nikaitupa katikati ya meza, juu ya vikombe vya chai. "Waheshimiwa," nikasema, "kabla hatujapiga kura, nani kati yetu ndiye fundi cherehani?"

Tharwat hata hakugeuka rangi. "Mwalimu Inshirah, tuliza moyo. Hii siyo hisabati, huu ni mpira. Mpira unataka jina kubwa."

"Jina hilo limezamisha vilabu viwili."

"Na huyo Mitwalli wako anakuja mazoezini kwa baiskeli! Wachezaji wa mamilioni wamsikilize mtu wa baiskeli?"

"Wewe una magari matatu, Mhandisi, na tangu uje tunarudi nyuma tu."

Haji Shalabi akagonga meza kwa kicheko. Tharwat akasema tupige kura, tusipoteze muda wa watu. Mikono ya Mitwalli ikaitwa kwanza. Nikanyoosha wangu, Haji Shalabi wake, daktari wake. Nikangoja. Mikono ya Madkur ikaitwa, ikanyooka mitatu, kisha polepole ukapanda wa nne, mkono ambao ncha ya kidole cha shahada ilikatwa na msumeno mwaka ule uliozaliwa wewe. Sikuhitaji kutazama uso.

Nilimfuata baba yako karakana. Alikuwa amewasha mashine ya randa bila ubao wowote, ili asinisikie. Nikaizima mwenyewe.

"Gharib, uliniapia kwa kaburi la mama."

"Niliapa kabla hawajaniambia."

"Wamekuambia nini?"

Akapangusa vumbi la mbao ambalo halikuwepo. "Jana magharibi Tharwat alikuja hapa. Aliliokota lile neno la Mitwalli. Akasema Madkur akipita, Muntasir anaajiriwa klabuni, mkataba wa miaka mitatu. Mwanangu anarudi, Inshirah."

Nilimpigia kelele mpaka mafundi wa karakana za jirani wakatoka nje. Nilimwambia ameuza klabu ya baba yetu. Nilimwambia amemuuza Mitwalli kwa maneno ya Mitwalli mwenyewe. Akaacha kupangusa, akasema kitu ambacho mpaka leo sijakimeza.

"Wewe wanao wako mtaa wa pili. Mimi mjukuu wangu nambusu kwenye kioo cha simu. Juzi mama yake alimwuliza babu yuko wapi, akaonyesha simu. Nife nikiwa simu?"

Lakini usidhani nililainika! Mtu akiwa na njaa tunamhurumia, akila chakula cha jirani tunasema ameiba. Yote mawili ni kweli, na mimi nimeshindwa kuyatia katika mlinganyo mmoja. Tangu siku ile tunapishana kwenye ngazi kama wapangaji.

Jumapili tulicheza nyumbani, mechi ya kwanza ya Madkur. Tulifungwa matatu bila. Alimhamisha beki wa kushoto kulia, na mabao mawili kati ya matatu yalipita kushoto kwa kipa, pale pale alipopasema Mitwalli. Mashabiki waliimba, "Mpe maiki, arudi studio!" Madkur aliondoka kwa gari lake kabla wachezaji hawajavua viatu. Nahodha akakaa peke yake kwenye benchi na taulo usoni. Nikamwona Ami Dusuqi anampapasa mgongo kama mtoto mwenye homa.

Mitwalli? Siku ya pili baada ya kura alikuja saa mbili asubuhi na baiskeli yake, akapanga koni za vijana kama kawaida. Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimeshazoea. Ila wale wanne wasichezeshwe na maumivu yao, mwambie mwenye kusikia." Ningependa angetukana. Angenipunguzia.

Sababu ya mkono wa baba yako anaijua Tharwat, anaijua yeye, naijua mimi. Mjini wanadhani alibadilika tu, uzee; mafundi walisikia kelele zangu, maneno hawakuyashika. Haji Shalabi hamwitikii salamu. Mimi sijafungua mdomo, na sitaufungua, maana ni kaka yangu hata nikiwa sitaki.

Sasa nakuja kwako. Juzi Alhamisi Tharwat aliniletea mkataba wako ili nigonge muhuri, kwa kuwa katibu wa bodi ni mimi. Aliuweka mezani kwangu kwa vidole viwili, akisema, "Unaona, Mwalimu? Kila mtu amepata chake." Laiti ungeona uso ule. Nimegonga muhuri. Niliugonga kwa hasira, ukatoka umepinda kidogo, utauona. Mkataba huo umo ndani ya bahasha hii, karatasi nne. Mwisho wa kusaini ni tarehe thelathini na moja.

Nilitaka kuuchana. Tena nilianza kukuandikia, "Usije," nikaikata sentensi hiyo mara tatu. Nani mimi wa kumfungia Judi mlango wa babu yake? Lakini pia sikukubali usaini ukiwa hujui kura ile ilinunuliwa kwa jina lako. Sasa unajua. Wewe ni mtu mzima, na mikono ni yako.

Wale wachezaji wanne wanaumia kweli, Muntasir. Hilo halikutungwa na Tharwat. Na Mungu akipenda hao ndio watakaotuokoa mechi tisa zilizobaki, Madkur awepo asiwepo.

Ukiuchana, nitasimama mlangoni kwa baba yako siku nitakayomwambia, nami nitamshika asianguke, hata kama hatusemezani. Ukija, nina sharti moja. Siku ya kwanza usipande ofisini kwa mwenyekiti. Pita uwanja wa vijana, mbele ya macho ya watu wote, umpe mkono Mitwalli, umuulize ni wachezaji gani wanne. Kisha ukaanze kazi.

Nisalimie Rihab sana, umwambie ile dawa ya habasoda asiache. Mbusu Judi paji la uso kwa ajili yangu. Mama yako anawasalimu, na Lutfi, na Ami Dusuqi aliyesema nikuandikie kwamba yeye bado hajui kusoma. Haji Shalabi anakuwekea sahani. Baba yako mpigie wewe mwenyewe, umsalimie kwa salamu zako, maana zangu kwake bado nimezishikilia.

Mungu akuongoze katika kalamu utakayoishika, akulinde ugenini, na akuweke mbali na watu wanaodarizi trakisuti kabla ya kura.

Ni mimi shangazi yako, mwenye hasira, akupendaye bila kikomo,

Inshirah Abdelbari