Harufu Aliyosingiziwa Baba

Gatini, ndani ya boti,
Jumatatu asubuhi.

Kwako Mjomba Koki,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua siku tulipozungumza limekubali kukunjika. Mkeo naye namsalimu sana. Nilimsikia akikuita mezani, chakula kinapoa, nawe ukamjibu angoje kwanza, huyu mama ana shida ya choo. Mwombee radhi kwa ajili yangu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Kuhusu moyo sitakudanganya: wangu unawaka, na utanisamehe kama kalamu itatoboa karatasi mahali fulani.

Nimeona shukrani za simu hazitoshi. Kwenye simu ningelia au ningetukana, na wewe hujanikosea kitu. Hata sura hunijui. Muuza mafuta wa hapa gatini ndiye aliyenipa namba yako, akasema yupo fundi mstaafu aliyemaliza ujana wake matumboni mwa meli akifunga mabomba, na ukimuuliza jambo hakuachi mpaka ulielewe. Nilidhani utanijibu harakaharaka. Badala yake ukaniuliza choo kiko wapi, tangi liko wapi, mpira wa kupitisha uchafu unapita wapi, unalegea wapi. Ukanichorea mchoro kwa mkono wako na kunitumia picha yake. Nilipouliza nikupe nini, ukacheka kama nimekutekenya. Ahsante, Mjomba. Ahsante sana.

Ila siku ile nilikueleza harufu tu. Sikukwambia harufu hiyo ilikuwa imemfanya nini mtu. Sasa nakwambia, kwa sababu una haki ya kujua ushauri wako ulipofika.

Boti hii aliijenga baba yangu, ubao kwa ubao, na kile choo cha chini ya ngazi kilichokushangaza ni ubunifu wake. Nilipoolewa alinikabidhi, yeye akabakiza chumba cha mbele, akisema hawezi kulala nchi kavu kama gunia. Tunaishi humu mimi, mume wangu, binti yetu wa shule ya msingi, na Baba. Mwisho wa wiki tunabeba watu wa matembezi. Usukani alikuwa anashika mume wangu, lakini abiria wa zamani wakipanda walimwita Baba "Nahodha", na mume wangu wakamwita "kijana wa Nahodha". Mtu mzima na ndevu zake! Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Mwaka jana Baba alipasuliwa kibofu. Alipona vizuri, mpaka daktari akamsifu. Lakini hakukaa sana humu ndani boti ikaanza kunuka. Unaijua harufu hiyo kuliko mimi, ile inayokungoja mlangoni, unasugua sakafu nayo inakutazama tu. Wa kwanza kuipa mwenyewe alikuwa mume wangu. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikuwa anafungua madirisha kila Baba akiingia. Alikuwa anasogeza sahani yake pembeni. Akaninong'oneza kwamba wazee wakishapasuliwa huko chini hawajizuii tena, tumvumilie tu, ni baba yetu sote. Tumvumilie!

Baba alisikia. Kuta za boti ni mbao nyembamba, nani asingesikia? Akaanza kuoga. Anaamka anaoga, anakula anaoga, abiria wakikaribia anaoga tena, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ya mapaja ikapasuka na akawa anatembea miguu imeachana. Akajipaka poda mpaka shingo ikawa nyeupe. Akahamia kula nyuma, kwenye upepo, peke yake, sahani mapajani. Siku moja binti yangu alimkimbilia kumwonyesha picha aliyoichora, naye akainua kiganja kumzuia. Akamwambia asimame palepale, babu anaona hata kwa mbali. Mjomba, Baba haoni vizuri hata cha mkononi mwake.

Mwishowe akaniambia anakwenda kupumzika kwa dada yangu mkubwa, miguu imechoka kuyumbayumba. Aliyasema hayo akitabasamu. Mume wangu akambebea begi mpaka barabarani, akamfungulia na mlango wa gari, mkwe mwema wa kupigiwa mfano.

Baba akaondoka, harufu ikabaki. Mume wangu akasema imeingia kwenye godoro la mzee. Akalitoa, akalichoma ufukoni mchana kweupe, majirani wa gatini wakasimama wakitupa pole kana kwamba tumefiwa. Godoro likawa majivu, harufu ikabaki. Hapo nikajiuliza: Baba hayupo, godoro halipo, sasa anayenuka ni nani? Ndipo nilipokupigia.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Nilichovya vitambaa safi katika maji moto, nikavikamua, nikavizungushia kwenye mpira unaotoka chooni kwenda kwenye tangi, kimoja huku juu, kingine katikati, kingine pale chini unapolegea na uchafu kutuama. Vilipopoa nikavipeleka nje kabisa na kuvinusa. Cha juu afadhali. Cha chini kilinirudisha nyuma kama nimepigwa kofi. Mpira mkavu, hauvuji hata tone, kumbe ulikuwa unatoa jasho la uchafu kupitia ukuta wake, kama ulivyosema. Ulikuwa mpira mwembamba wa maji safi. Mume wangu ndiye aliyeufunga wakati Baba yuko hospitali, baada ya ule wa zamani kupasuka. Na kile kitundu cha tangi kupumulia nje, nilikikuta kimezibwa kabisa kwa udongo wa nyigu. Nikakichokonoa kwa waya mpaka tangi likapumua. Nikaukata mpira ule, nikafunga mnene ulionitajia, nikaubana vizuri usilegee popote. Kesho yake niliingia nikitoka sokoni, nikasimama mlangoni nikivuta pumzi kama mwehu. Harufu hamna. Mbao zinanukia mbao.

Nikachukua kipande cha mpira wa zamani, nikakifunga mifuko juu ya mifuko, nikaenda kwa dada.

Baba nilimkuta nje, kwenye stuli ya plastiki kando ya mlango. Dada akaniambia kwamba tangu afike hajakalia kiti cha sebuleni hata mara moja, anasema atawaharibia vitambaa. Nilipiga magoti mbele yake, nikafungua mifuko, nikamwambia anuse. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

Nikamwambia, "Si wewe, Baba. Hukuwa wewe hata siku moja."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akakaa kwenye kochi la dada, katikati kabisa, akaegemea na kunyoosha miguu. Dada akakimbilia jikoni ili asilie mbele yake.

Halafu Baba akafungua kinywa, na alichosema ndicho kilichonimaliza. Alisema mkwe wake alikosea mpira bila kujua, kila fundi hukosea, na kwamba kijana wa watu amemvumilia sana. Akaniomba nimpigie simu amwombe radhi kwa usumbufu. Amwombe radhi!

Sasa nifike kwenye lile neno lako, Mjomba, ulilolisema tukiagana, ukadhani ni la kupita tu. Uliniambia unafurahi kwamba safari hii kuna mtu atakayefuata ushauri, kwa sababu bwana mmoja wa gati letu, mwenye boti yenye choo chini ya ngazi kilichojengwa na baba mkwe wake, alikwishakupigia kuulizia harufu hiyohiyo. Ukasema bila shaka ndiye mume wangu. Ukasema ulimweleza kila kitu, vitambaa, mpira, tangi, naye akakushukuru na kukata simu. Nilikuuliza ilikuwa lini, ukajibu ni wakati gati linapakwa rangi, maana alikulalamikia harufu ya rangi pia.

Gati lilipopakwa rangi, Baba alikuwa bado yupo humu. Alikuwa anajisugua kwa sabuni ya kufulia.

Mume wangu alijua. Alijua alipokuwa anafungua madirisha. Alijua alipobeba begi. Alijua alipowasha kiberiti akachoma godoro la mtu asiye na kosa mbele ya kadamnasi. Nilimuuliza jioni ileile uliponiambia, na hakukana. Alisema yeye hakumfukuza mzee wala hakumtukana, harufu ndiyo iliyomwambia aondoke. Alisema mpira angeubadilisha baadaye, watu wakishasahau, ili isionekane. Akaniuliza mimi, mimi mkewe, angeitwa kijana mpaka lini. Nilimkunjia nguo zake vizuri kabisa, kama anasafiri, nikaziweka gatini. Tangu siku hiyo analala kwa mama yake.

Nilikuwa nimeapa kumficha Baba jambo hili. Lakini kumsikia anataka kuomba radhi, hapana. Nilimwambia yote, palepale kwenye kochi. Aliisikiliza sauti yangu zaidi ya maneno. Kisha akasema nimpigie hivyohivyo, aje.

Mume wangu alikuja hapo kwa dada Jumapili mchana, wiki tatu zilizopita, nami nilikuwa nimekwenda na binti yetu; shati limepigwa pasi, macho chini. Akasimama mlangoni. Baba akamwambia, "Sogea." Akasogea hatua. "Sogea, bwana, siumi." Akasogea mpaka magoti yao yakagusana, na Baba akamvuta mkono akamkalisha kando yake, ubavu kwa ubavu.

"Vuta pumzi," Baba akamwambia. Akavuta. "Nanuka?"

"Hapana, Baba."

"Sema kwa sauti. Mjukuu wangu yuko jikoni, naye alifundishwa kuziba pua."

Mume wangu akajaribu, ikatoka kwa kunong'ona. Baba akangoja. Hakumhurumia wala hakumharakisha. Na mimi nilisimama pale nimekunja ngumi, nikitaka aseme na nikitaka akosekane duniani, vyote kwa pamoja.

"Babu hanuki," mume wangu akasema kwa nguvu. "Hajawahi kunuka. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Binti yangu akatokea mlangoni na kijiko mkononi, akawatazama wote wawili. Akapita mbele ya baba yake, akapanda mapajani kwa babu na kuuzika uso wake shingoni mwake. Baba akamkumbatia. Baadaye akamgeukia mume wangu, akamwambia, "Sasa nenda," na yule akaenda.

Tafadhali usijilaumu kwa neno lile. Kama ungelimeza, Baba angekufa akiamini ananuka. Amerudi chumbani kwake, ana godoro jipya, anaoga asubuhi kama watu wengine. Usukani nashika mimi, yeye anakaa kando akinikosoa mbele ya abiria, na wao wameshanipa jina, kama utakavyoliona hapo chini. Siku ukipata nafasi njoo tukutembeze majini, wewe na mkeo. Baba ana hamu ya kubishana nawe kuhusu choo cha chini ya ngazi.

Jana mama mkwe alikuja kuulizia mwanawe arudi lini, na kama hasira zangu zimepoa. Nimemjibu kwa adabu kwamba bado. Nakuandikia wewe barua ya shukrani, na bado kalamu inatoboa karatasi. Zikipoa atasikia kwangu mimi, wala asimtume mtu.

Wasalimie wote walio nyumbani mwako, wakubwa kwa wadogo. Nakutakia afya na siku nyingi, Mjomba, wewe uliyempa maarifa yako mtu usiyemjua bila kuuliza yeye ni nani.

Ni mimi mpwa wako wa simuni,
Mama Usukani