Maswali Kwenye Kibanda cha Chai

Dada Kerubo,

Ejok! Ndiyo salamu ya Turkana. Jua la Kakuma halina adabu, lakini niko mzima.

Jana tulisimamisha hema la utafiti lenye bango kubwa: AFYA YA AKILI. Hakuingia mtu. Mama Nyandeng, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza chai mkabala, akacheka: "Nani ataingia hapo majirani wanaona? Leta maswali yako kwangu."

Nikahamia kwake. Mmoja mmoja watu walikuja, wakaagiza chai, wakaketi kando yangu na kujieleza. Jioni Mama Nyandeng akaninyang'anya karatasi ya maswali, akaniuliza: "Na wewe, unalala?"

Dada, nilimwambia yote ninayokuficha tangu mama yetu atutoke. Nikifika nyumbani, bandika chai, kisha uniulize.

Mdogo wako,
Mose