Vifungo vya Shati la Dripu

Jumanne, 4 Machi

Dripu ya tatu ya dawa ya saratani. Bado tatu. Sista kakosa mshipa mara mbili! Nikamwambia mimi nimetunga uzi sindanoni melini, bahari imechafuka, sembuse yeye aliyesimama nchi kavu na mkono umenyooshwa mbele yake? Akacheka. Sikuwa nachekesha, nilikuwa namtukana.

Kwanza ile dawa nyekundu, nikakojoa sharubati. Kisha ile ya bomba dogo la sindano, haina rangi, haina adabu. Daktari anasema hiyo ndiyo inayokula mishipa ya fahamu. Vidole vikifa ganzi nimwambie, ataipunguza au ataitoa kabisa. Kisha mtihani wake: mzee, fungua vifungo vya shati, funga. Mzee babu yake! Mimi niliyeshonea makapteni wa bandari tatu! Nilifunga kabla hajapata kalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Choo hakuna. Siku ya tatu. Na hivi vidonge vya siku tano — njaa ya fisi, hasira ya nyuki. Nimegombana na mke wangu, na kiti, na redio. Redio ndiyo iliyoanza.

Jumatatu, 10 Machi

Dukani. Pindo la suruali nyeupe. Naona doa jekundu, namtukana muuza kitambaa. Kumbe damu yangu! Sindano ya cherehani imetoboa kidole cha shahada, ikatokea upande wa pili, na mimi napiga mluzi. Sikusikia kitu. Hata kidogo.

Fundi wa duka la pili, ninayemwita Mkasi Butu, akachungulia: vipi fundi, siku hizi unashona nyama? Nikamfukuza na futi ya mbao.

Nyumbani mke wangu akafunga kidole, midomo kaikaza. Akasema: utamwambia daktari. Nikasema sina cha kumwambia. Saratani hii ya mitoki iliniota shingoni kama limau, sasa imebaki kunde. Kinachoua uvimbe ndicho kinachoua vidole, basi kiacheni kimalize kazi! Atoe dawa, limau lirudi, nimlaumu nani? Maiti ana vidole kumi vizima, vinamsaidia nini?

Akasema: na ukipona huwezi kushona, unashinda humu ndani na mdomo huo, nani ataishi na wewe?

Nikawasha redio, nikaipandisha sauti.

Alhamisi, 20 Machi

Kifungo kimoja, dakika kumi. Kimenishinda. Nimelia kidogo — hasira tu. Kalamu yenyewe naishika ngumi nzima, kama mtoto wa chekechea.

Halafu akili ikanijia! Nimechukua shati la bluu, la kwendea dripu. Matundu nimeyashona yakaziba. Vifungo nimevigandisha juu, pambo. Chini yake nimeweka vile vya kubonyeza, dume na jike. Tak! Sindano naishika kwa koleo, uzi nauvuta kwa meno, siku nzima imekwisha. Mshono mbaya kuliko yote niliyopata kushona, na mbele huoni kitu. Daktari huyo na shule zake zote ataangalia, ataandika "vizuri". Tak, tak, tak.

Jumatatu, 24 Machi

Mke wangu kalipiga pasi lile shati. Hakusema neno. Mwanamke huyu hanyamazi hata akitafuna.

Jumanne, 25 Machi

Benchi la hospitali. Asubuhi alinivalisha mwenyewe, akanifunga mpaka shingoni. Nikajiona bwana harusi. Mjinga mimi!

Nimefungua ili nijipime kabla ya kuitwa. Hakuna tak. Vya kubonyeza vimefumuliwa vyote. Matundu yamefunguliwa, yamezungushiwa uzi upya, safi, hata mimi nisingepata kosa. Nilimfundisha mwenyewe, mwaka tuliooana.

Nikamwita msaliti, watu wakageuka. Akasema polepole: vya kubonyeza viko kwenye mkoba wangu, baba. Mwambie daktari wewe, au nimmwagie mezani.

Basi nikaanza kufunga. Cha kwanza kimeteleza. Cha pili sikijui kama nimekishika au nimeshika hewa. Jasho. Mgonjwa wa pembeni ananitazama, nikamuuliza kama amelipia tiketi.

Vitano vyote wazi. Kifua nje, mifupa nje, na lile kovu la shingoni walipokata kipande cha kupimia. Sista anaita fundi, fundi yuko wapi?

Nimemwambia mke wangu nifunge, haraka. Kakumbatia mkoba, anatazama ukuta, machozi yanamtoka.

Kasema: ingia hivyo hivyo.

Sista anaita tena —