Dalia Nyekundu ya Ludwik

Wiżajny, tarehe 4 Novemba

Mwanangu mpenzi Kinga,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii. Mimi ni mzima, ila magoti hayataki tena ngazi za ghala la chini. Wewe je? Na kile kikohozi? Najua huko Norwei nyumba zenu zina joto, lakini vaa zile soksi za sufu, usizifungie kabatini eti ni nzuri mno.

Siku ya Watakatifu Wote nilikwenda makaburini na jirani yetu Pelagia. Tulifagia kaburi la kaka yako Ludwik, tukawasha mishumaa, upepo ukaizima mara tatu. Hapo niishie.

Jalidi ya kwanza, ile baridi ya kugandisha umande, imeshuka mapema mwaka huu. Niliamka nikakuta majani ya yale maua yetu ya dalia yote meusi, yamelegea kama yamechemshwa. Unakumbuka Ludwik alivyokuwa akitukataza kuzigusa kabla ya hapo? Alikuwa akisema ziacheni baridi iziume kwanza, zijue msimu umekwisha. Basi nikangoja wiki nzima, kama yeye. Nikakata mashina, nikachimba taratibu, nikaigeuza ile mizizi yake minene kichwa chini ili maji yatoke mashinani.

Siku hiyo hiyo ikafika barua yako. Unaomba kipande cha dalia nyekundu ya Ludwik, ile aliyoiotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu, uwe nacho bustanini kwako. Nilichagua mizizi mizuri, nikaifunga kwa gazeti, nikaandika anwani yako. Boksi liko mezani siku ya tisa leo.

Kinga, siwezi kuituma mizizi hiyo. Kaa kitako kwanza, mwanangu, ndipo uendelee kusoma.

Mwaka jana, miezi miwili tu tangu ule mti umwangukie kaka yako msituni, nilizichimba dalia zake peke yangu. Nikazilaza mchangani, kwenye sanduku lake, nikaliteremsha ghalani kando ya viazi kama alivyofanya kila mwaka. Lakini kufunga ule mlango nikashindwa. Giza, baridi, udongo. Nikasema yeye tayari yuko huko, na hizi nazo nizifukie? Nikalipandisha sanduku mpaka jikoni, nyuma ya jiko.

Pelagia alipoliona alicheka. Akaniuliza, we Genowefa, siku hizi unaatamia mayai? Akasema ziondoe hapo, dada, joto litazinyonya zote. Nikamjibu akalinde viazi vyake. Wiki mbili hakukanyaga kwangu.

Nami kila asubuhi, maji ya chai yakichemka, nilikuwa naupapasa ule mchanga. Ulikuwa na joto zuri. Nilifurahi.

Mwezi wa nne nikafukua. Zilikuwa nyepesi kama maganda ya vitunguu. Nilizipanda hivyo hivyo, nikamwagilia, nikangoja mpaka mwezi wa sita. Hata moja haikuota. Hata moja, Kinga.

Zile nilizokusifia kwenye barua zangu nilizinunua sokoni Suwałki. Nyekundu nazo, lakini ya Ludwik ilikuwa na weusi katikati, kama imeungua. Nilizipeleka hata kaburini kwake. Pelagia aliziangalia, akaniangalia, akainama kung'oa magugu. Afadhali angenicheka.

Sasa hizi za sokoni nimezishusha chini, na mlango nimeufunga. Kwenye boksi lako nimezitoa, nimeweka kile kibao alichokuwa akikichomeka sandukuni. Miaka yote nilijua kimeandikwa nyekundu, basi, sikuhangaika kukisoma. Mchanga ulipokauka ndipo nikaona penseli yake. Kumbe ua lile alilipatia jina langu. Na chini yake ameandika: iwekwe penye baridi.

Kitunze wewe. Mimi sikuweza kutunza.

Nisalimie mumeo, na ule vizuri. Ukikasirika, kasirika, lakini uandike.

Ni mimi mama yako,

Genowefa