Kifuniko cha Tundu la Redio

Nyumba ya kona, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, naitangazia familia yote, ya karibu na ya ng'ambo, kwamba kile kipande cha plastiki nyeusi kilichoziba tundu la redio katika gari la Baba kimepotea. Aliyekiona atoe taarifa.

U hali gani lakini? Kikohozi cha Shemeji kimemwachia? Na wapwa zangu, bado wananijibu kwenye simu kama wanaomjibu daktari? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, ambalo limeanza kutabiri mvua na kukosea. Mama anakula, analala, na jirani anamsuka kila Jumamosi. Kuhusu kuzungumza, nakuja huko.

Unakumbuka gari lenyewe. Kiwanda kilitoa la michezo, lenye mistari na viti vya kubana mbavu. Baba akachukua lile walilolitengeneza kwa shingo upande. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na mahali pa redio, kifuniko. Tulipomuuliza redio iko wapi, alijibu, "Redio ya nini, na mama yenu yumo?" Kisha anakigonga kwa kidole, mara mbili: "Haya, taarifa ya habari." Mama anaanza: nani kahama, nani kagombana na mwenye nyumba, nani kanunua kabati lisilopita mlangoni.

Kuna jambo sikukuandikia. Tangu Baba afariki, Mama amekuwa mtu wa kunyamaza. Ndani ya nyumba hunitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita. Lakini kila alasiri alikuwa akichukua mkoba wake, nami namkalisha kwenye kiti chake cha mbele, gari likiwa limeegeshwa hapo uani, halijawashwa. Nagonga kifuniko mara mbili, naye anazungumza. Habari zenyewe za miaka thelathini nyuma, lakini habari. Siku moja aliniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza kama umeshatoka shule.

Sasa kosa. Mwanzoni mwa mwaka nililipeleka gari kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Lile la michezo lilizungukwa kama bibi harusi. Letu, bwana mmoja aliweka chupa yake ya soda juu ya boneti akaenda kulipiga picha lile jingine. Iliniuma, Dada. Niliona kama ametuwekea chupa kichwani familia nzima.

Ndipo nikalipeleka kwa binamu yetu Spidi, yule mwenye gereji, aondoe kutu sakafuni.

"Kutu tu, kaka? Bodi ni ileile ya lile la michezo! Niachie wiki sita nikutolee simba."

"Na Mama je?"

"Shangazi? Atakaa kama malkia!"

Nikasema sawa. Usimlaumu Spidi; hilo "sawa" lilitoka kinywani mwangu, na lilitoka haraka.

Likarudi jekundu, lina mistari miwili, redio, na bomba la moshi linalokohoa kama Shemeji. Mama alitoka na mkoba wake. Nikamfungulia mlango.

"La nani hili?"

"La kwetu, Mama. Gari la Baba."

"Baba yenu hana gari la namna hii," akasema, kwa adabu, kama anavyosema na wageni. "Acha nimsubiri mwenyewe."

Akakaa kwenye ngazi mpaka nilipomwingiza ndani. Kesho yake alitoka, akatazama, akarudi. Siku ya nne hakutoka. Huu ni mwezi wa tano sasa, na hajasema zaidi ya "ahsante".

Mwezi uliopita nililirudisha kwenye maonyesho. Walilipiga picha mno. Mzee mmoja, mkaguzi wa magari mstaafu, akafungua boneti, akasoma kibati cha kiwanda, akaniangalia.

"Hili lilitoka kiwandani likiwa la kawaida?"

Nikakubali.

"Ya michezo nimehesabu tisa hapa leo. La kawaida huu mwaka wa sita nalitafuta. Yale ya michezo watu waliyafunika maturubai. Haya ya kawaida waliyatumia mpaka yakaisha."

Afadhali angenitukana.

Nimechakura mapipa yote ya gereji. Dashibodi ya zamani ilikatwakatwa, viti Spidi alishavigawa, naye siku hizi akiniona anajiingiza chini ya gari lililo karibu. Sikuombi vipuri. Ninachokuomba ni kwamba ukipiga simu, usiniulize mimi hali ya Mama. Muulize yeye, tena muulize habari za mtaa.

Nisalimie Shemeji na kifua chake, wapwa zangu, na mawifi zako wote, hata yule mkubwa. Mungu akutunze huko, akupe mtu wa kukusimulia mambo madogomadogo.

Wako akupendaye, pamoja na ujinga wake,
Mdogo wako.

N.B. Kabla sijafunga bahasha: kifuniko kimepatikana, kilikuwa mfukoni mwa ovaroli ya Spidi. Nimemwekea Mama kiganjani, nikakigonga mara mbili. Amesema ahsante. Redio mpya inashika stesheni thelathini na mbili.