Mama, Mbuzi wa Nadhiri Angoje

Nairobi

Kwa mama mkwe wangu, Bi Mejumaa, Munje.

Mama, shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kitandani, Riziki amelala ubavuni mwangu, na karatasi nimeiweka juu ya sinia kwa kuwa meza ya hapa wameikalia watoto wanaochora. Naomba Mungu magoti yako yawe yamepata nafuu na nyote hapo nyumbani muwe wazima. Mgeni aliyekuletea barua hii mpatie chai na chochote kilichopo, ametoka mbali. Wifi yangu Zuhura, wewe ndiye utakayesoma, kwa hiyo soma yote kwa sauti, usiruke mahali kwa kuwa unamwogopa mama. Baba Riziki naye awepo.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza kueleza, wewe unalia, nami nalia, halafu simu anapewa jirani anisalimie na mazungumzo yanaishia hapo.

Habari ya mbuzi nimeipata. Baba Riziki amenipigia kuniambia umekwisha kualika watu wa maulidi mwisho wa mwezi, mchele umenunuliwa, kinachongojwa ni mtoto tu. Mama, mimi siipuuzi nadhiri yako. Nilikuwapo ulipoiweka, shavu la Riziki limevimba mpaka jicho limefumba, ukamshika kichwa ukasema uvimbe huu ukishuka, yule mbuzi wako mwekundu atachinjwa, na Riziki mwenyewe ndiye atakayeishika kamba kumpeleka. Halafu mkaiona ile picha niliyowatumia, shavu limenywea, mtoto anacheka, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Hata mimi huku nilipiga. Lakini mtoto hajapona.

Wewe ni mkulima, unaijua ndago. Ukiifyeka, shamba linaonekana safi, na mvua ikinyesha unaikuta pale pale kwa kuwa vile viazi vyake vilibaki ardhini. Saratani ya Riziki ni hivyo hivyo. Dawa za kwanza zimefyeka, zilizobaki ni za kuchimba. Akizikosa, uvimbe utarudi, na huenda dawa hizi zisiuweze tena. Daktari aliniambia hivyo mara mbili, mara ya pili polepole, akinitazama kama anayejua kuna watu wananingoja na mbuzi.

Sitakuficha, dawa zenyewe ni mateso. Mdomo wake umejaa vidonda, uji anaunywa umepoa, kwa kijiko cha chai. Zile nywele ulizokuwa ukimpaka mafuta ya nazi na kumsuka zimebaki kwenye mto. Damu yake imekuwa dhaifu kiasi kwamba kikohozi cha mtu mmoja kwenye mkeka wa maulidi kinaweza kutuondolea mtoto. Muuguzi anapomchoma sindano mimi ndiye ninayemshika mkono, naye ananitazama mimi, hamtazami muuguzi. Naichukia saa hiyo kuliko zote.

Nyumba tunayokaa ni ya wahisani. Wanatupa kitanda, chakula, sabuni na gari la kutupeleka hospitali. Chakula ni mahindi na maharage, nazi hawaijui, nami nimekoma kulalamika, maana bila wao tungekuwa tunalala kwenye viti vya hospitali. Msimamizi wetu tunamwita Anti Njoki, mkali kwa usafi, hodari wa kubembeleza mtoto anywe dawa. Ila vitanda ni vichache na kina mama wanaongoja nafasi ni wengi. Ukiondoka, kitanda chako kinalaliwa na mwingine, na hakuna wa kumlaumu.

Kitanda cha pili chumbani mwetu kilikuwa cha Umazi, Mduruma wa Samburu, mtu wa Kwale kama sisi, na mwanawe wa pekee, Tsuma. Siku ya kwanza niliposikia lafudhi yake nilihisi nimefika nyumbani. Watoto wetu walikuwa wakigombania kalamu moja nyekundu na huku kopo limejaa kalamu. Tsuma naye uvimbe wake ulikuwa wa shavu, nao ulishuka upesi. Kwao wakasema amepona, aletwe, babu yake anataka kumwona.

Anti Njoki alimsihi. "Mama Tsuma, bado. Hizi dawa lazima amalize, plizi."

Umazi alinijibu mimi, akiwa anafunga mzigo. "Mwanasiti, mimi nimeolewa. Nitawaambiaje wazee kwamba mtoto anayecheka ni mgonjwa?"

Walikaa kwao mpaka mahindi yakavunwa. Aliporudi alikuwa amembeba mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda shule, shavu limevimba tena na tumbo nalo limevimba. Akatundikiwa dawa zile zile, hazikufua dafu. Tsuma amefariki juzi, mama. Wahisani wametoa gari la kumpeleka kwao, linaondoka kesho.

Riziki aliniuliza Tsuma amekwenda wapi, nikamwambia amekwenda kwao. Akasema, "Mama, na sisi twende kwetu kama Tsuma." Nilitoka nikasimama kwenye kamba za nguo mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Kuhusu nadhiri, nimemuuliza maalim wa msikiti wa jirani. Akaniuliza, bibi yake moyoni alitaka uvimbe ushuke au mtoto apone? Nikamjibu, apone. Akasema basi siku yake haijafika. Sheikh wa hapo Munje muulize naye, ni haki yako. Lakini hata akisema vingine, mama, mimi siji. Nisamehe kwa neno hilo, tangu niolewe sijapata kukukatalia. Siji mpaka Riziki amalize dawa ya mwisho. Wanaosema Mwanasiti amenogewa na Nairobi waje walale hapa usiku mmoja.

Nisalimie shemeji yangu mkubwa, mwambie asimfunge mbuzi kamba fupi, safari yake bado ndefu. Mama yangu mzazi akija kutoka Vanga mwambie leso alizonipa ndizo ninazomfunika Riziki. Baba Riziki, namsalimu kwa mapenzi, na namtaka asimame upande wangu mbele ya watu, asingoje mpaka tuwe wawili.

Mgeni wako bado amekaa hapo mkekani. Ndiye Umazi. Ana dada yake ameolewa Ukunda, njia ya kuja hapo, na alisema baada ya matanga ataileta barua hii kwa mkono wake, anayetaka kuuliza amuulize yeye. Najua alipoingia ulimuuliza kama watoto hawajambo, kwa kuwa hujapata kumkaribisha mtu bila kuuliza hilo. Na najua alikujibu hawajambo, kwa kuwa ndivyo sote tunavyojibu.

Muulize tena, mama.

Mimi mkaza mwanao,
Mwanasiti, mama Riziki