Punje ya Ndago

Jumanne jioni

Nilimkatalia, na bado sina raha.

Yule mzee alitoka mji wa Campbelltown kwa treni, safari ndefu, kuja kuona ndago ambayo marehemu mkewe aliichuma kinamasini kabla hawajaoana. Tunayo hapa kazini, kwenye hifadhi ya mimea, imekaushwa na kushonwa kwenye karatasi, na maelezo pembeni kwa mwandiko wa mkewe. Aliyasoma polepole. Alipoinama zaidi, koti lake likaigusa na punje moja ikadondoka mezani.

"Naweza kwenda na hii?" akauliza.

"Samahani, mzee. Kinachodondoka hubaki na mmea wake." Huwa tunakitia kwenye bahasha ndogo iliyogundishwa hapo hapo.

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniudhi. Angebisha ningejua la kusema.

Kisha akasema, "Basi niache niiweke mimi."

Kanuni haisemi nani aiweke. Nikampa kibanio cha kushikia vitu vidogo. Punje ikamponyoka mara kadhaa. Sikumsaidia. Nilimshikia tu bahasha ikiwa wazi mpaka punje ikaingia.

Baadaye msimamizi aliniuliza mgeni alitaka nini. Nikasema alitaka kuona ndago.